Uzoefu wangu na kadi ya Costco: sisi ni wawili tu, inalipa?

Ndugu na marafiki wanaohamia Houston huniuliza swali hili mapema sana, wengine hata gari hawajapata: nikate kadi ya Costco, yale maduka makubwa ya Marekani yanayouza kwa pakiti kubwa kwa wanachama wanaolipa ada ya mwaka, au niache, maana ninaishi na mwenzangu tu na watoto hatuna? Wengi wao huwa nawaambia wakate. Ila kinachoirudisha ile ada kwa watu wawili si chakula kilichopangwa hadi darini, kama wengi wanavyodhani.

Mimi na mume wangu tunaishi kwenye apatimenti ya chumba kimoja cha kulala, kusini magharibi mwa jiji. Friji yetu ni ya kawaida, na friza ni ile ndogo ya juu. Stoo ni kabati moja. Tumekuwa wanachama muda wa kutosha kujua kipi kinaisha na kipi kinaoza.

Tuanze na ada. Tangu Septemba 2024, kadi ya kawaida inayoitwa Gold Star ni dola 65 kwa mwaka, na ya juu, Executive, ni dola 130. Ada moja inatoa kadi mbili, ya pili ikiwa ya mtu mwingine anayeishi nyumba hiyohiyo, kwa hiyo mke na mume, au mtu na dada yake waliopanga pamoja, wanalipa mara moja tu. Kadi ina picha yako na siku hizi inaskaniwa mlangoni. Ule mtindo wa kuazimana kadi usiuwekee matumaini.

Ukijua biashara hii ilivyoanza, utaelewa kwa nini pakiti zake ni kubwa vile. Mwaka 1976 Sol Price alifungua Price Club mjini San Diego, kwenye jengo lililokuwa hanga la ndege, na wateja aliowalenga mwanzoni walikuwa wenye biashara ndogondogo. Costco yenyewe ilianza Seattle mwaka 1983, na kampuni hizo mbili zikaungana mwaka 1993. Vipimo vile vilikatwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kuuza tena au kulisha wateja, kama mwenye duka la mtaani anavyokwenda kufungasha Kariakoo. Juu ya bei waliyonunulia, huongeza kwa kawaida asilimia 14 au 15 hivi, basi. Sehemu kubwa ya faida yao inatoka kwenye ada zetu. Ndiyo maana bei sina wasiwasi nayo, ni nafuu kweli. Wasiwasi wa kaya ya watu wawili ni kumaliza.

Kwetu ada inarudi kwenye pampu ya mafuta ya gari, maana Costco nao wanauza petroli. Houston ni jiji la gari, huwezi kulikwepa hilo. Katika njia ninazopita kila wiki, petroli yao huwa chini ya vituo vya jirani kwa senti 20 hadi 30 kwa galoni, kutegemea wiki. Chukua tenki la galoni 12 na tofauti ya senti 25: umeokoa dola 3. Ukijaza mara mbili kwa mwezi, mwaka ukiisha ni dola 72. Ada imerudi na chenji ipo, kabla hujagusa toroli. Na mafuta hayaulizi nyumbani mko wangapi. Kwa mtu anayeishi peke yake anayeendesha mbali kwenda kazini, hili peke yake linatosha kukata shauri.

Lakini kituo kiwe njiani kwako. Ukitoka maili kumi kwenda na kumi kurudi kwa ajili ya petroli tu, unachoma karibu galoni nzima, na ile dola 3 imeishia barabarani. Na nenda asubuhi au usiku wakikaribia kufunga, maana jioni watu wakitoka kazini foleni inakula muda.

Baada ya mafuta, kinachonifurahisha ni dawa. Mtu aliyekulia pwani akifika hapa hushangaa anavyopiga chafya majira ya machipuko, miti ya mwaloni inapomwaga chavua na magari yote yanakuwa na vumbi la manjano. Mume wangu hupata shida sana kipindi hicho. Kirkland Signature, chapa yao wenyewe, ina vidonge vya aleji viitwavyo Aller-Tec, chupa ya vidonge 365, vyenye setirizini, dawa ileile iliyomo kwenye Zyrtec. Chupa ni ndogo, haiozi upesi, inatosha mwaka mzima kwa anayemeza kimoja kwa siku, na bei yake ukiigawa kwa kidonge ni senti chache sana. Vitu vya namna hii ndivyo vinavyoifaa nyumba ndogo: vidogo kwa umbo, vinakaa, na utavitumia tu. Betri, sabuni ya vyombo, dawa ya meno na mifuko ya taka vimo humohumo. Karatasi za chooni nazo haziozi, ila pakiti ya roli 30 kwenye apatimenti ya chumba kimoja inahitaji mipango. Zetu hukaa chini ya kitanda.

Sasa chakula, na hapa naomba tuelewane. Ushauri mwingi wa mitandaoni kuhusu kaya ndogo umeandikwa na watu ambao nyumba yao ya wawili kweli inalisha wawili. Sisi sivyo. Mkataba wa pango unasema wawili, lakini Jumamosi kuna shemeji na wanawe, kuna kijana aliyefika juzi kutoka Dodoma ambaye hajajipanga, kuna kikao cha kumchangia mtu. Ukitokea msiba, nyumba ya wafiwa inataka maji, soda, mchele, kuku na sahani za karatasi siku hiyohiyo. Siku za namna hiyo ile pakiti ya maji ya chupa 40, ambayo kwa watu wawili ni mzigo, inakuwa ndiyo hasa iliyotakiwa. Kwa hiyo kabla ya kukata kadi, hesabu midomo inayokula kwako kwa mwezi, wageni wakiwemo, usihesabu majina yaliyo kwenye mkataba.

Mchele kwetu haujawahi kuwa tatizo. Mfuko wa basmati wa pauni 20 ni kama kilo 9, na nyumba inayopika wali au pilau karibu kila siku inaumaliza vizuri kabla wadudu hawajaufikiria. Mchele mweupe ukiwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali pakavu, unakaa muda mrefu sana. Unga wa ngano mweupe wa chapati nao unavumilia. Unga wa ngano isiyokobolewa huo acha, una mafuta ya kiini cha ngano ndani yake na huanza kunuka mapema, hasa kwa joto la huku. Mafuta ya kupikia nunua, ila usifungue chupa mbili kwa pamoja. Vitunguu mfuko mzima tunaumaliza. Anayejua pilau hatauliza kwa nini.

Yule kuku wa kuokwa wa dola 4.99 anastahili sifa zake. Bei hiyo imekaa hivyo tangu 2009, na ana uzito wa pauni tatu hivi. Siku ya kwanza tunamla na kachumbari na wali, ya pili nyama iliyobaki naichambua naiunga mchuzi wa nazi, mifupa inachemshwa supu ya asubuhi. Wanamweka nyuma kabisa ya duka ili upite mbele ya kila kitu kingine kwanza. Mimi nikimfuata huyo huwa sichukui toroli, nambeba mkononi.

Mapaja mabichi ya kuku nayapenda kwa sababu yanakuja yamefungwa kwenye vifuko vilivyoshikana, unavitenganisha kama tiketi za basi, kimoja friji na vingine friza. Nyama ya kondoo ya Australia nayo huja kwa bei nzuri. Wenye kuzingatia halali, someni lebo ya kila pakiti, msiende kwa mazoea.

Mboga na matunda ndipo ninapowashauri watu wawili wasimame. Lile boksi la spinachi linaanza kulegea kabla hamjafika nusu. Parachichi za mfuko huiva siku moja zote. Mkate unauzwa miwili miwili. Maziwa, galoni mbili kwa pamoja, hayo ni ya nyumba yenye watoto wa shule, au ya nyumba inayogandisha mtindi. Ukitupa robo ya pakiti umeshafuta punguzo lote, kwa sababu kwenye vitu hivi tofauti ya bei na supamaketi ya kawaida ni ndogo. Mboga nanunua supamaketi ya H-E-B kwa kiasi cha siku chache, na bizari, dengu, ukwaju na iliki nafuata maduka ya Wahindi ya barabara ya Hillcroft, ambako kuna chaguo zaidi na unapata pakiti ndogo. Sembe Costco huipati, hiyo ni ya maduka ya Waafrika.

Njia iliyotufaa zaidi ni kugawana. Dada mmoja wa Mombasa anaishi jengo la pili, ana mume na mtoto mmoja. Tunaandikiana kabla ya kwenda, mimi ndiye ninayekwenda na kulipa kwa kadi yangu, tukirudi tunagawa mezani kwake: mayai trei moja moja, nyama nusu kwa nusu, parachichi tatu tatu, kisha ananitumia pesa kwa simu palepale. Risiti tunaibandika kwenye friji yake mpaka hesabu iishe. Kwa jirani kama huyo, hata mkate wa pili unakuwa na pa kwenda. Costco ya Marekani haipokei kadi za mkopo zisizo Visa, kwa hiyo mwenye kadi ya aina nyingine atumie kadi ya benki au pesa taslimu.

Neno kuhusu kununua friza la pili ili kufaidi zaidi. Wengi hufanya hivyo, na kwenye miji mingine sina pingamizi. Hapa Houston, kimbunga Beryl kilipopita tarehe 8 Julai 2024, zaidi ya wateja milioni mbili walikosa umeme, wengine kwa siku nyingi, kwenye joto la Julai. Nilizunguka kwa watu niwajuao nikaona nyama za mamia ya dola zikipakiwa kwenye mifuko ya taka. Msimu wa vimbunga huanza Juni mosi na kwisha Novemba 30, na miezi hiyo friza yangu ndogo huwa naiacha nusu. Maji, betri na vyakula vya makopo ndivyo vya kujaza kipindi hicho.

Kadi ya Executive sikuichukua. Inarudisha asilimia 2 ya manunuzi, hadi dola 1,250 kwa mwaka, na inavutia ukisikia hivyo. Lakini inazidi ya kawaida kwa dola 65, na ili asilimia 2 ifikishe dola 65 lazima utumie dola 3,250 kwa mwaka, kama 270 kwa mwezi, na petroli haihesabiwi humo. Sisi wawili hatufiki, hata tukiongeza Jumamosi zote. Mwenye duka dogo, au mama anayepika chakula cha shughuli kwa oda, huyo aichukue bila kusita.

Nilipolinganisha, ada ya Sam's Club, washindani wa Costco, ilikuwa dola 50 kwa mwaka, nao wana pampu za mafuta, na unaweza kuskani vitu kwa simu ukalipa bila kupanga foleni. Kama tawi lao ndilo lililo karibu nawe, chukua hilo. Ukaribu una uzito kuliko tofauti ya ada.

Asiye na gari nisingemwambia akate kadi mwaka wake wa kwanza. Duka la dawa la Costco halidai uwe mwanachama ndipo ulitumie, mwambie tu mlinzi mlangoni unakwenda famasi, kwa hiyo dawa alizoandikiwa na daktari anaweza kuzinunua huko hata leo. Na anayetaka kujaribu asiogope, maana ukiona haikufai unarudishiwa ada yako yote kwenye kaunta ya wanachama. Kata kadi mwezi ambao unajua wageni wanakuja.