Taa Nyekundu ya Vifaranga kwa Baridi ya Njombe: Ununue au Uache?

Kamwene ndugu zangu wafugaji, karibuni. Leo mezani nina taa nyekundu ya kupasha vifaranga, ile ya wati 250. Baridi ya Juni imeshaingia huku Njombe, Makete na Mufindi, na swali ninaloulizwa ni lile lile: vifaranga wanakufa usiku, ninunue taa? Nawajibu wazi. Kwa vifaranga, nunueni. Kwa kuku wakubwa hapana, hela hiyo pelekeni kwenye maranda na turubai.

Tazameni hapa. Kioo kizito, na huku nyuma kina mng'ao kama kioo cha kujitazamia. Huo ndio unaolisukuma joto lishuke chini kwa vifaranga badala ya kupotelea darini. Wekundu nao una kazi: vifaranga wanalala vizuri na hawadonoani sana kama kwenye mwanga mweupe. Msiichanganye na balbu za LED. Zile zinaangaza tu, joto la kumfaa kifaranga hazina.

Sasa kishikio, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Wati 250 ni moto. Kishikio cha plastiki kinalainika, taa inadondoka kwenye maranda makavu, na banda linateketea na kuku wote ndani. Dukani ombeni kishikio cha kauri na kikapu cha waya cha kuizunguka taa. Itundikeni kwa mnyororo, siyo kwa waya wake wa umeme, anzeni na sentimita 45 hadi 50 kutoka kwenye maranda. Maji yasiifikie kabisa. Kioo kikiwa cha moto, tone la maji baridi linaweza kukipasua. Halafu kuna taa zinazosifiwa kwamba hazipasuki kwa sababu zimepakwa teflon, ule utando wa vikaango visivyogandisha chakula. Hizo ziacheni huko huko dukani. Teflon ikipata moto mkali inatoa mvuke unaoua kuku.

Umeme je? Taa moja ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Wiki tatu ni uniti 126. Kama uko kwenye lile kundi la TANESCO la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hapo umeshavuka, na ukihamishiwa kundi la juu uniti moja ni kama shilingi 356. Kwa vifaranga 10 hesabu hiyo hailipi, waachieni mama yao awalalie. Kwa vifaranga 50, inalipa.

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 chini ya taa, halafu kila wiki unapunguza kama nyuzi 3 kwa kuipandisha taa, mpaka waote manyoya. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana katikati na kupiga kelele, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa wameyaachia, joto limezidi. Wakibanana upande mmoja, nenda upande wa pili utafute upepo unapoingilia.

Na upepo ndio ninaouogopa kuliko baridi yenyewe. Taa haiwezi kupasha hewa inayopita tu. Zungushieni hadibodi kwa duara, pasiwe na kona ya kurundikana, na chini mwageni maranda makavu, sentimita 5 na zaidi. Huku kwetu kwenye mbao za misindano maranda si shida, ila msitumie unga wa msumeno, vifaranga wanaula.

Wengi mnaniambia jiko la mkaa wa miti ya miwati ni nafuu. Ni kweli, na umeme ukikatika usiku ndilo litakalowaokoa. Lakini mkaa uwashwe nje, ukolee mpaka moshi uishe, ndipo uingizwe, na dirisha la juu libaki wazi wakati wote. Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa unaua vifaranga, na unamuua hata mtu aliyelala humo akiwachunga. Tafadhali, asilale mtu humo.

Kuku wakubwa sasa. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi, na manyoya yake yakiwa makavu yanamtosha kabisa kwa baridi yetu. Kinachomuumiza ni unyevu. Mkiziba banda lote kwa nailoni kwa huruma, pumzi na kinyesi vinajaza unyevu, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, inapanda, asubuhi unakuta macho yanatoa machozi na mafua yameanza. Fungeni turubai upande unaotoka upepo, lipite juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala, lakini futi moja chini ya paa iacheni wazi ili hewa chafu itoke. Fito za kulalia ziwe pana kama inchi 2, kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole. Jioni wapeni mahindi yaliyoparazwa. Wakilala wanayasaga, na joto linatoka humo humo mwilini.

Ninyi wa Makete, kule juu Kitulo ambako asubuhi nyasi zinaganda, mwageni maji ya kunywa jioni na muwawekee ya vuguvugu kukipambazuka, maana kuku asiyekunywa hali, na asiyekula hapati joto. Niandikieni hapo chini mna vifaranga wangapi na banda lina ukubwa gani, nitawajibu taa ngapi zinawatosha.