Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga: somo lenyewe liko nje

Nafundisha Jiografia na Historia sekondari, hapa Iringa. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi 38 wa kidato cha tatu Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini. Kosta tuliyokodi ilichelewa saa nzima, lakini safari ilitulipa.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limo kwenye sanduku la kioo. Hata wale wasumbufu wangu wa benchi la nyuma walinyamaza. Mhifadhi alieleza taratibu, kila swali akalijibu.

Kisha tukatoka nje, tukatandaza ramani ya kontua, ile inayoonyesha miinuko na mabonde, chini. Mto Ruaha Mdogo ule pale: maji, udongo wa kulima, malisho ya ng'ombe. Ukiliona bonde hili huhitaji kukariri kwa nini ngome ya Mkwawa ilijengwa hapa. Nikawarudisha kwa maneno kwenye vita vya Lugalo, Agosti 1891, ambako ardhi iliwapendelea Wahehe: msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulijivuta mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, vichaka na mawe huku na huku, ukavamiwa kabla haujajipanga. Oktoba 1894 Wajerumani walikuja na mizinga, hapa kwenye uwazi wa bonde, na ukuta wa mawe haukutosha.

Sasa ikaja sehemu niipendayo kuliko zote. Kihehe, ngome ni lilinga, na Iringa ilikuwa hapa hapa Kalenga. Mwaka 1896 Wajerumani walijenga kituo chao juu kwenye mwinuko unaolitazama bonde, na jina wakapanda nalo. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kumbe Iringa ilihama?"

Nimefundisha miaka 11. Darasani, Historia ikiwa Jumatatu na Jiografia Alhamisi, swali hilo sijawahi kuulizwa, na inaniuma, kwa sababu watoto hawa wamezaliwa juu ya jibu lake.

Mwalimu mwenzangu, ukienda, fika asubuhi, beba ramani yako, na omba muda wa kutosha nje. Mkirudi, pandeni jiwe la Gangilonga, pale mjini Iringa. Sisi tulikaa pale juu hadi saa kumi, kila mmoja akichora mji na daftari magotini. Yule binti alichora mshale mrefu kutoka bondeni hadi mlimani, akaandika pembeni: 1896.