Glutaraldehaidi 25% ya ampuli, kwa kazi ya silia za mirasidia

Kama unataka kuona silia (vinyweleo vya kuogelea) za mirasidia, yaani lava wa majini wa Schistosoma mansoni, mnyoo bapa wa kichocho cha tumbo, kwa hadubini ya elektroni, nunua glutaraldehaidi, dawa ya kugandisha seli zisiharibike, katika ampuli (vichupa vya kioo vilivyozibwa) za ml 10. Chupa ya lita bei yake ni nafuu, lakini kila ikifunguliwa hewa inaingia, molekuli zinaungana kuwa minyororo mirefu, na dawa inachelewa kupenya. Utando wa silia unavimba, mikono ya daineni (protini inayoipiga silia) inafifia. Ile ya 2% ya kutakasia vifaa hospitalini haifai kabisa hapa.

Hata hivyo, ampuli haikuokoi ukianza vibaya. Mirasidia akikutana na chumvi huvua mabamba yake ya silia, kama afanyavyo akiingia kwenye konokono. Usimwoshe kwa bafa (mmumunyo wa chumvi unaotuliza pH) kwanza! Watulize kwenye barafu wakiwa ndani ya maji yao, ml 5. Pembeni changanya ml 1 ya ampuli, ml 2.5 za bafa ya kakodileti 0.4 M yenye pH 7.2, na ml 1.5 za maji yaliyokenekwa. Wamiminie yote kwa mkupuo. Unapata 2.5% ndani ya 0.1 M. Acha saa 2 kwenye 4°C. Kakodileti ina aseniki, kwa hiyo vaa glavu na ufanyie kazi kwenye kabati la kufyonza mvuke.

Osha mara 3, dakika 10 kila mara, ndipo uweke osimiamu tetroksaidi 1%, dawa ya pili ya kugandisha. Ukiharakisha, picha inajaa vidoa vyeusi kama pilipili manga.

Kwenye vipande vya nm 60 hadi 70, mkato wa kukingama unaonyesha jozi 9 za mirija zikizunguka mirija 2 ya kati. Utamu wenyewe uko kwenye mkato wa urefu: minyoo bapa wengi wanaoishi huru wana mizizi 2 (nyuzi zenye michirizi zinazoishikiza silia ndani ya seli) kwa kila silia, ila lava wa hawa vimelea ana mmoja tu, unaoelekea mbele. Dawa iliyochakaa hufuta michirizi ya mzizi huo, ukashindwa kuutofautisha na nyuzi za jirani.

Kasoro: ampuli ikishavunjwa haifungiki. Gawa kilichobaki kwenye vijichupa, ugandishe kwa -20°C. Na mzigo ukifika una joto, pima ufyonzaji wa mwanga kabla ya kupokea: kilele cha nm 235 (cha minyororo) kikizidi cha nm 280 (cha molekuli mojamoja), rudisha.