Tingatinga za zamani kwenye siling bodi: nunua, lakini anzia nyuma

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeupa mtindo huu wa picha jina lake, alichora kwa miaka michache tu. Alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Kazi za mkono wake ni chache. Zinazouzwa kwa jina lake ni nyingi mno. Kwa hiyo picha igeuze kwanza, sifa zije baadaye.

Tunazotathmini hapa ni picha za kipindi hicho na za wanafunzi wake wa mwanzo, kama January Linda, Ajaba Mtalia na Simon Mpata: rangi za mafuta za kung'aa, zile zile za baiskeli, juu ya ubao wa dari. Nyingi zina ukubwa wa karibu sentimita 60 kwa 60, yaani futi mbili kwa mbili, na ubao mzima wa futi nane kwa nne hutoa vipande vinane bila kubakiza kitu. Ukutani hazina mpinzani. Mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja au mbili, na mstari ambao mkono haukusita kuuchora. Picha za watalii za siku hizi zimejazwa maua na ndege hadi pembeni. Hizi za mwanzo zinaacha nafasi wazi, na nguvu yake iko hapo.

Nyuma ya ubao kuna alama za wavu, vishimo vidogo vilivyopangika. Ubao uliozeeka wenyewe huwa na kahawia iliyokolea, na sehemu iliyofichwa na fremu hutofautiana rangi na sehemu iliyopigwa na hewa. Uliopakwa chai ili uonekane mkongwe huacha madoa yaliyotuama kwenye vishimo vya wavu na michirizi ukingoni.

Kisha sahihi. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, ufuate herufi mpaka mahali inapokutana na ufa. Ufa ukiikata herufi, sahihi ilikuwepo kabla ya ufa. Rangi ya herufi ikiwa imeingia ndani ya ufa, iliongezwa baadaye. Hata sahihi safi haitoshi: dai risiti ya zamani, au picha inayoonyesha kazi hiyo ikiwa kwa mnunuzi wa kwanza. Kwa maoni yetu, picha ya Mpata au Linda yenye historia inayofuatilika ni ununuzi bora kuliko "Tingatinga mwenyewe" asiye na karatasi yoyote.

Udhaifu mkubwa wa picha hizi ni ubao, si rangi. Ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, unene wa milimita tatu hivi, na hunywa unyevu kupitia kingo. Ukivimba, rangi iliyokauka haiwezi kutanuka nao, inapasuka na kubanduka. Pembe nazo hufumuka. Pwani hali hiyo ni ya kila siku. Itundike kwenye ukuta wa ndani, usio wa bafu wala wa kupigwa na mvua, na ubandike vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa) vya sentimita moja nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite. Isikae mbele ya kiyoyozi: kuvimba na kusinyaa kila siku kunaumiza kuliko unyevu usiobadilika. Fundi wa fremu aache milimita mbili au tatu kila upande, na asiweke gundi.

Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Kitambaa cha maji, kitunguu, mkate na mafuta ya taa vyote tupa mbali. Maji yakipenya kwenye ufa, ubao unavimba chini ya rangi papo hapo. Vanishi ya dukani pia usiipake, maana huenda isitoke bila kuchukua rangi ya mchoraji. Muuzaji akiwa ameshaipaka, bei ishuke.

Rangi ikianza kubanduka, ilaze picha chali, kusanya magamba kwenye bahasha, na usiguse supagluu. Mtaalamu wa kuhifadhi picha anaweza kuyarudisha magamba hayo mahali pake, mradi yote yapo.