Muncey au Hanauer, nani mkali?

Kwa ushindi wa jumla hawa Wamarekani wa mbio za haidropleni (boti za spidi zinazoteleza juu ya maji) wanakaribiana balaa, Bill Muncey 62, Chip Hanauer 61, hapo hamna kesi. Gold Cup, lile kombe kubwa la mbio hizo, ndo inawatenganisha, Muncey 8 na Hanauer 11, tena 7 mfululizo, 1982 mpaka 1988. Ila Muncey alikuwa anaendesha kichwa wazi, hamna kioo juu, na 1981 kule Acapulco, Mexico, boti ikanyanyua pua kwenye spidi kali ikapinduka kinyumenyume, akafariki. Hanauer ndo akaja kuwa dereva wa timu yake, na 1986 huyo akapanda boti yenye kifuniko cha ndege ya kivita F-16 juu ya dereva. Makombe nampa Hanauer, roho ngumu Muncey, miaka 52 na bado alikuwa anaongoza fainali!