Wakili wa ajali za saiti: nyota nne, ya tano imebaki kwenye ngazi

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti. Naanza na hilo kwa sababu siku ya kwanza nilizipanda ngazi zile kwa magongo mawili, mguu umefungwa plasta hadi gotini. Juu nikakuta watu saba kwenye benchi: mmoja mkono umening'inizwa shingoni, mwingine bandeji jichoni, mzee mmoja na magongo kama yangu. Ofisi inaishi kwa watu walioanguka, halafu kuifikia lazima upande. Nilicheka hadi karani akaniuliza kama niko sawa.

Mimi ni fundi muashi, mwaka wa 19 huu. Nilidondoka kutoka hatua ya tatu ya jukwaa nikipiga lipu ukuta wa nje. Ubao niliokanyaga haukuwa na klipu. Ulikuwa umefungwa kwa waya wa nondo, ule wa kuzungusha kwa koleo, na waya ukakatika. Nikatua kwa miguu, mfupa wa kisigino cha kulia ukapasuka vipande. Daktari akaagiza na picha ya mgongo, maana anayetua kwa visigino wakati mwingine huvunja uti pasipo kujua. Wangu ulikuwa mzima.

Nimeumia Jumanne. Alhamisi msimamizi wa saiti akaja wodini na bahasha na karatasi moja. "Fundi, pole sana. Kampuni imekuchangia kidogo. Weka sahihi hapa, ni ya kuonyesha tu kwamba umepokea." Nilikuwa nimechomwa sindano ya maumivu, kalamu iko mkononi tayari. Mke wangu akaivuta ile karatasi akaisoma mpaka mstari wa chini. Imeandikwa kwamba nimelipwa fidia yote na sitadai tena chochote, kwa mtu yeyote, kuhusu ajali ile. Ndani ya bahasha mlikuwa na ujira wa wiki mbili.

Jioni akapita kijana wa viatu vya kung'aa, anagawa kadi kitanda kwa kitanda. Dalali wa kesi. Alinitajia kiasi cha fidia kabla hajauliza nimevunjika wapi. Kadi yake tuliitumia kuweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Ofisi ninayoisifu haikunifuata wodini. Nilielekezwa na fundi bomba aliyewahi kukatika kidole. Wakili ni mama wa makamo, anaandika kwa mkono, na hakutaja kiasi chochote siku ile wala miezi mitatu iliyofuata. Aliuliza tu. Nani alikupigia simu uje kazini? Nani anakwambia saa ya kuanza na saa ya kutoka? Hela inatoka kwa nani, kwa njia gani, siku gani? Jukwaa ni la nani, na nani alilifunga? Ulishawahi kusaini daftari lolote getini? Nilidhani anapoteza muda. Mimi nilitaka kuongelea mguu.

Alinieleza barabara mbili, na hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Ya kwanza ni fidia ya ajali kazini: huhitaji kuthibitisha kosa la mtu, inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini. Hata ukiwa umeteleza kwa uzembe wako mwenyewe, kwa kawaida haikunyimi haki. Ila unalipwa kwa kiwango kilichopangwa, na nchi nyingi zikikupa hiyo zinakufungia mlango wa kumshtaki mwajiri wako. Ya pili ni kesi ya uzembe. Huko unabeba mzigo wa ushahidi, unasubiri, lakini unaweza kumfikia mtu asiye mwajiri wako: aliyefunga jukwaa, au mkandarasi mkuu. Alisema wazo la ile barabara ya kwanza si geni, Ujerumani waliliwekea sheria mwaka 1884. Nikamwambia basi habari bado haijamfikia msimamizi wangu.

Majibu ya kampuni yalikuja kwa barua: huyu si mfanyakazi wetu, ni fundi wa kujitegemea. Ushahidi wao? Ana mwiko wake, ana pima maji yake, ana timazi yake. Nilisoma nikahisi kizunguzungu. Ni kweli ni vyangu. Muashi gani anaazima mwiko? Mwiko wangu mpini umeshachukua umbo la kidole gumba changu, mtu mwingine akiushika unamchubua.

Hapo ndipo yale maswali ya siku ya kwanza yalipolipa. Wakili alitoa ujumbe wa malipo kwenye simu yangu, kila Jumamosi kutoka namba ileile, wiki 31 mfululizo. Akatoa daftari la getini lenye sahihi yangu siku ya mafunzo ya usalama. Akatoa picha aliyopiga saidia fundi wangu dakika chache baada ya mimi kuanguka, inayoonyesha waya uliokatika ukining'inia kwenye bomba. (Kesho yake asubuhi klipu mpya zilikuwa zimefungwa jukwaa zima. Bila ile picha ningeonekana mwongo.) Akawaandikia kwamba Pendekezo Na. 198 la mwaka 2006 la Shirika la Kazi Duniani linataka kutazama hali halisi ya kazi na malipo, si jina ambalo pande mbili zimejipa. Vifaa ni dalili moja tu kati ya nyingi. Anayepanga saa, anayesimamia na anayelipa kila wiki ni dalili nzito pia. Kuhusu jukwaa akawakumbusha Mkataba Na. 167 wa 1988 wa shirika hilohilo, unaohusu usalama katika ujenzi: jukwaa lazima likaguliwe na mtu mwenye ujuzi, na penye waajiri zaidi ya mmoja saiti moja, mkandarasi mkuu ndiye wa kuratibu usalama. Barua yao ya pili ilikuwa fupi na yenye adabu zaidi.

Kilichonifanya nitoe nyota nyingi ni tathmini ya ulemavu. Daktari wa bima aliniita mwezi wa tatu. Akanitembeza koridoni, kwenda na kurudi, akaandika asilimia 6. Wakili aliposoma ripoti aliuliza, "Ulitembea juu ya nini?" Vigae. Akagonga meza kwa kalamu. Kisigino kikishapona vibaya, tambarare hakisemi kitu. Kelele zake zipo kwenye kokoto, kwenye mteremko, kwenye ngazi ya kuegemeza. Akakataa tathmini ya haraka, akataka tusubiri jeraha litulie, kisha akatuandalia daktari wa pili na maswali yameandikwa: anaweza kusimama kwenye bomba la jukwaa? anaweza kupanda ngazi na ndoo mkononi? anaweza kutembea ardhi isiyo sawa kwa saa nane? Majibu yote matatu yalikuwa hapana. Ikaandikwa asilimia 15, na ndiyo iliyokubaliwa.

Kipindi chote cha kusubiri alidai nilipwe sehemu ya mshahara. Kipimo chake kilikuwa Mkataba Na. 121 wa 1964 wa shirika lilelile, unaotaka malipo yasiyopungua asilimia 60 ya kipato kwa mtu wa mfano, na mtu wao wa mfano ni mwenye mke na watoto wawili. Yaani mimi kabisa. Ni kwa nchi zilizouridhia, alinitahadharisha, lakini hata pasiporidhiwa unafaa kumwekea mtu mbele ya macho.

Sasa malipo yao. Wanachukua theluthi, na kuna nchi zinakataza kabisa wakili kulipwa kwa kukata fungu la fidia namna hii, kwa hiyo uliza kwanza. Swali la pili la kuuliza, ambalo karani wao alinijibu bila kuficha: theluthi ya nini? Chukua umepata 100 na gharama za madaktari na mahakama ni 20. Wakikata theluthi yao kwenye 100 nzima, kisha gharama, unarudi nyumbani na 47. Wakitoa gharama kwanza ndipo wakate, unabaki na 53. Hawa wanatoa gharama kwanza, na imeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa mkataba wao, si kwa maneno.

Lawama ninazo. Simu hawapokei baada ya saa tisa. Kuna miezi miwili nilikaa bila neno lolote, nikaamini faili limepotea, kumbe walikuwa wanasubiri barua ya bima. Ujumbe wa mstari mmoja ungeniokoa usingizi. Makarani wanabadilika, na kila mpya anaanza kukuuliza umeumia mguu upi huku magongo anayaona. Jumla ilichukua miezi 14. Mkandarasi mkuu alilipa nje ya mahakama, wiki moja kabla ya tarehe ya kusikilizwa.

Ukienda, beba ujumbe wa malipo ambao hujaufuta, picha zozote za saiti hata za kujipiga mwenyewe umevaa kofia, karatasi zote za hospitali kuanzia ya siku ya kwanza, na namba ya mtu mmoja aliyekuona ukianguka. Wanafungua saa mbili asubuhi. Fika mapema, na kama una magongo mwambie mlinzi wa chini ampigie karani: ukiomba, wanashuka na fomu hadi kwenye benchi la mlangoni. Mimi niliambiwa hivyo siku nimekwenda kuchukua hundi.