Laptopu ya binti yangu, kidude cha redio, na usiku umeme ulipokatika

Mimi ni fundi umeme wa magari, Kigamboni. Naanza na hilo ili usije ukanidhania mtu wa kompyuta. Binti yangu alipomaliza chuo aliniachia ThinkPad X220, mashine ya 2011: prosesa ya i5, RAM ya GB 4, skrini ya inchi 12.5, bawaba moja imelegea na herufi M imeng'oka. Ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado inajifikiria. Mama yake alishaamua iuzwe spea. Nikaitia SSD ndogo, yaani diski ya kasi, na mfumo wa Linux Mint, halafu nikaagiza kipokezi cha redio cha RTL-SDR Blog V4 na seti yake ya antena. Hadi kinanifikia mkononi kilikuwa kimekula karibu laki moja na nusu. Ninacho miezi saba sasa.

Kwa asiyekijua, ni kama flashi nene yenye kasha la chuma: upande huu USB, upande ule tundu la antena. Hakina spika wala kitufe. Kinadaka mawimbi na kuyageuza kuwa namba, kazi iliyobaki yote ni ya laptopu. Chipu yake, RTL2832U, ilitengenezwa kwa ajili ya kutazamia TV ya dijitali kwenye kompyuta, mpaka mwaka 2012 wajanja walipogundua kwamba inaweza kutoa namba hizo zikiwa ghafi. Kinapokea kuanzia kilohezi 500 hadi megahezi 1,766 hivi. Kutangaza hakiwezi, na ukitaka kutangaza hiyo ni habari nyingine ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Laptopu inamudu? Inamudu. Sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, yaani zile namba, ni kama MB 4.8 tu, na USB 2.0 inazibeba bila kutoka jasho. Nikifungua SDR++, programu ya kusikilizia na kuona mawimbi, feni inavuma, lakini picha haigandi. Usiilazimishe tu kucheza video wakati huohuo.

Siku ya kwanza nilijiangusha mwenyewe. V4 ina draiva yake, programu ya kuiunganisha na kompyuta. Mimi nikatumia ya zamani niliyoikuta. Natafuta stesheni za FM, kimya. Nikaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo. Jumamosi binti akaja, akafungua maelekezo ambayo sikuyagusa.

"Baba, si wewe unayewagombeza wateja kwa kutosoma kitabu cha gari?"

Nusu saa baadaye redio ilikuwa inaimba.

Kilichonikamata ni meli. Hapa kwetu ukisimama ufukweni unaziona zimetia nanga nje zikisubiri zamu ya bandarini. Kila moja inajitangaza kwenye megahezi 161.975 na 162.025: jina, mwendo, uelekeo. Nilivuta mikono ya antena ya seti hadi sentimeta 45 kila upande, nikaisimamisha wima dirishani, nikawasha AIS-catcher, programu ya kusoma matangazo hayo ya meli, na ramani ikajaa. Boti ya Zanzibar naiona kwenye ramani kabla ya kuiona kwa macho. Ndege nazo zinaonekana kwenye megahezi 1,090, ila hapo mikono uifupishe hadi sentimeta 7 kasoro.

Mawimbi mafupi ndiyo yaliyonitesa. Nilirusha waya wa mita 10 juu ya mwembe, nikapata mkoromo mtupu, mistari imesimama kwenye skrini kama nondo za dirisha. Sasa hilo ni somo langu. Gari ikiwa na altaneta mbovu, redio yake hulia kwa kufuata mzunguko wa injini; huwezi kulaumu redio, unatafuta anayepiga kelele. Nikachomoa chaja ya laptopu, nusu ya nondo zikatoweka palepale. Chaja ya kopi, niliyoinunua mwenyewe kwa sababu ya urahisi wa bei.

Nusu iliyobaki sikuipata hadi usiku mmoja umeme ulipokatika mtaa mzima. Laptopu ilikuwa kwenye betri. Nondo zote zikatoweka, skrini ikawa nyeusi, safi, kama mtu kafuta ubao. Kumbe waliokuwa wanapiga kelele ni taa za LED za majirani, ving'amuzi, chaja za simu, na taa ya barazani kwangu pia.

Ipo namna ya kuipima tofauti hiyo bila kifaa kingine chochote. Kwenye megahezi 14.100 kuna vituo 18 vya wanaredio wa ridhaa duniani, kila kimoja kinaita kwa sekunde 10 kisha kinapisha kingine; baada ya dakika 3 zamu inarudi. Kituo kinatoa jina lake kwa Morse, halafu milio minne mirefu: wati 100, wati 10, wati 1, na sehemu ya kumi ya wati. ZS6DN ya Afrika Kusini, umeme ukiwepo, nilikuwa nasikia mlio wa kwanza tu. Usiku ule wa giza nikasikia mitatu. Wati moja, kutoka Afrika Kusini, kwenye laptopu iliyokuwa iuzwe spea! Nikamwita mke wangu aje asikie. Akauliza mshumaa uko wapi.

Kwa hiyo kidude nakipa nyota tano. Kinapata moto ukikiacha siku nzima, lakini kasha ni la chuma, halitishi. Laptopu naipa nne, hiyo moja imeenda na betri. Ya kwanza niliyonunua Kariakoo iliandikwa seli 6, ikadumu dakika 40, sitaji duka. Ya pili inafika saa mbili nikipunguza mwanga wa skrini. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja zaidi ya kipokezi, nunua betri nzuri kabla ya kufikiria antena ya bei.

Taa ya barazani nimeshaibadilisha. Bado ya jirani, na nimemwahidi balbu mpya mwisho wa mwezi. Anadhani ni ukarimu.